Namba ya siri si sadaka! Vidole vyetu wamechukua, tapeli wamemwacha

WIZI umebadilika, ndugu msomaji. Zamani mwizi wa pwani yetu alikuja usiku wa manane, amejipaka mafuta mwili mzima, anaruka ukuta huku roho yake ameiweka rehani. Akikamatwa, anaonekana sura. Mwizi wa leo hatoki kitandani. Ananyanyua simu, anatoa shikamoo, anakuita kwa jina lako kamili, kisha wewe mwenyewe unamfungulia mlango, unamwonyesha kabati lilipo na kumshikia taa wakati anabeba.

Ufunguo anaoutumia ni namba yako ya siri. Na jambo la kusikitisha ni kwamba haivunji namba hiyo wala haiibi. Anaiomba, na anapewa.

Makala haya yana hoja mbili. Ya kwanza ni yetu sisi vijana: tuache kutoa siri, na tuache kumpigia makofi anayeichukua. Ya pili ni ya wakubwa: waliochukua alama za vidole vyetu kwa ahadi ya kumkomesha tapeli watueleze kwa nini tapeli bado anapiga simu. Anayesema hoja ya kwanza peke yake anafunika uozo. Anayesema ya pili peke yake anajidanganya.

MFUKO WA TARAKIMU NNE

Sisi watu wa Kilwa si wageni wa fedha. Karne nyingi kabla ya benki yoyote kufika huku, watawala wa Kilwa Kisiwani walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba, upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu. Sarafu hizo zilisafiri. Chache ziliokotwa mwaka 1944 huko kaskazini mwa Australia, kwenye visiwa vya Wessel. Lakini hata zikienda mbali kiasi gani, aliyetaka kumwibia mwenye nazo alilazimika kumfikia mfukoni.

Leo mfuko umehamia ndani ya simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata. Sasa muuza pweza wa Kilwa Masoko, dereva wa bodaboda wa Nangurukuru na bibi wa Kivinje anayetumiwa hela na wajukuu, wote wanaweka akiba humo. Kufuli ya mfuko huo ni tarakimu nne. Kuanzia 0000 hadi 9999 ni namba elfu kumi tu, lakini mwizi hawezi kukaa akizijaribu moja baada ya nyingine, kwa sababu ukikosea mara chache huduma inafungwa. Mashine imemshinda. Imebaki njia moja, nayo ni kumuuliza mwenye mali.

Ndiyo maana nasema utapeli huu si ufundi wa mitambo. Ni ufundi wa maneno.

NJIA ZAO

Njia zao zinajulikana. Ya kwanza ni ujumbe mfupi: "Ile hela itume kwenye namba hii." Haukulengwa kwako. Umerushwa kwa watu wengi, kama mvuvi anavyotega jarife bila kujua ni samaki gani atanasa. Kati ya wengi hao hakosekani mmoja ambaye kweli jana aliahidi kumtumia mwenye nyumba kodi, naye anatuma, na ya kutolea juu.

Ya pili ni ujumbe wa uongo kwamba umepokea fedha. Dakika mbili baadaye mtu anapiga, sauti ya kilio: "Bosi wangu, nimekosea namba, ni hela ya mgonjwa, nirudishie." Ukiwa na huruma unatuma, na fedha unayotuma ni ya kwako mwenyewe, kwa maana hakuna kilichoingia.

Ya tatu ndiyo inayomaliza watu, nayo ni simu ya "makao makuu". Mtu anajiita ofisa wa huduma kwa wateja. Anasema laini yako inafungwa leo saa kumi, wanahakiki wateja. Anakuongoza kubonyeza namba moja baada ya nyingine. Anakwambia andika "namba ya uhakiki" 185000, kisha malizia na namba yako ya siri. Ndugu yangu, hiyo si namba ya uhakiki. Ni shilingi 185,000 zako, na ile namba ndefu uliyoandika mwanzo ni laini yake. Hapa hukumtajia siri kwa mdomo, umeitumia tu kwa faida yake. Matokeo ni yaleyale.

Ya nne ni ya WhatsApp. Rafiki anakuandikia: "Kuna tarakimu sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, nitumie." Huyo si rafiki. Ni aliyemteka rafiki jana, na leo zamu yako. Ukimpa tarakimu hizo anahamishia WhatsApp yako kwenye simu yake, na jioni shangazi zako wote wanapata ujumbe kwamba umelazwa, unahitaji hela ya dawa.

Ukizitazama zote, utaona zinasimama juu ya mafiga yaleyale: hofu, tamaa na huruma. Chini yake unachochewa moto wa haraka. Leo saa kumi! Sasa hivi! Usikate simu! Mtu wa kweli mwenye shughuli ya kweli anaweza kusubiri umuulize kaka yako. Tapeli hawezi, kwa sababu kaka yako ndiye adui yake mkubwa.

JINA LAKO SI SIRI

Wengi huniuliza: "Sasa alijuaje jina langu?" Wanadhani mtu akikutaja majina yote matatu basi lazima ametoka kwenye kampuni. Hapana. Chukua simu yako, anza kumtumia fedha mtu yeyote. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mwenye laini linatokea. Utaratibu huo uliwekwa ili usikosee, na ni mzuri. Lakini tapeli naye anao. Anaandika namba yoyote, anasoma jina, anafuta muamala, anakupigia.

Lipo pia daftari. Ndugu msomaji, umepata kuliona daftari la wakala pale mezani, wazi, limejaa majina, namba za simu na kiasi kilichotolewa? Anayesubiri zamu nyuma yako anasoma kama anavyosoma gazeti la kuning'inizwa.

Na kijana mwenzangu uliyeweka mwaka wako wa kuzaliwa kuwa namba ya siri, sikiliza. Namba yako ya kitambulisho cha Taifa, ile ndefu ya NIDA, inaanza na tarehe yako ya kuzaliwa. Kila mahali ulipoacha nakala ya kitambulisho umeacha na namba yako ya siri.

Kwa hiyo jina si siri, namba ya simu si siri, na siku yako ya kuzaliwa si siri. Tapeli akivitaja hajathibitisha chochote. Kilichobaki kuwa chako peke yako ni zile tarakimu nne, na ndizo anazozifuata.

NJAA HAISOMI ANWANI

Vijana wengi tunadhani barua pepe ni mambo ya maofisini. Tunakosea. Simu janja uliyonayo, Facebook yako, Instagram yako, maombi ya kazi serikalini kwenye mfumo wa Ajira, vyote vimefungwa kwenye barua pepe. Anayeipata hana haja ya kuiba kingine. Anabonyeza "nimesahau neno la siri", na maneno mapya yanamfikia yeye. Barua pepe ni mama wa funguo zote.

Na asije mtu kutuambia kwamba wanaotapeliwa ni washamba wa Kusini wasiosoma. Mwezi Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton na mtu aliyewahi kuwa mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu ya Marekani, alipata barua pepe iliyojifanya imetoka Google. Ilisema kuna mtu amepata neno lake la siri, abadilishe mara moja. Msaidizi mmoja wa mambo ya kompyuta akajibu kwamba barua ile ni halali. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika kinyume chake. Neno la siri likaandikwa kwenye ukurasa bandia, na mwezi Oktoba mwaka huohuo barua zake zikaanza kumwagwa hadharani na WikiLeaks, uchaguzi ukiwa mlangoni. Kama mafiga ya hofu na haraka yalimpika mkubwa wa Washington, nani atamcheka mama wa Mchinga?

Sasa mlete tapeli huyo Lindi. Hapa kuna mradi wa kusindika gesi uliopangwa kujengwa Likong'o, ambao umezungumzwa miaka nenda miaka rudi. Gesi ya Songosongo inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, na kijana wa Kilwa bado yuko kijiweni. Kijana huyo akiletewa barua yenye nembo ya kampuni kubwa, "umechaguliwa kwenye usaili, ingia hapa kwa barua pepe yako na neno lako la siri," atasita? Njaa haisomi anwani.

Basi tuisome kwa niaba ya njaa. Nembo yoyote hunakiliwa kwa dakika moja. Jina la mtumaji linaweza kuandikwa lolote. Usipite kwenye kiungo ulicholetewa. Funga barua hiyo, fungua mwenyewe ukurasa unaoujua, kwa njia uliyozoea. Kama kweli umeitwa kwenye usaili, utaukuta wito wako huko. Na hakuna mwajiri duniani anayehitaji neno la siri la barua pepe yako ili akupe kazi.

MSIMU WA UFUTA, MSIMU WA TAPELI

Kusini kwetu fedha ina msimu. Ufuta unauzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unakwenda ghalani kwa utaratibu wa stakabadhi, mnada unafanyika, na malipo yanapita benki. Bei ya mnada inatangazwa redioni na kusambazwa kwenye simu. Ni haki itangazwe. Lakini maana yake ni kwamba nchi nzima inajua ni wiki gani mzee wa Njinjo au Mtama atakuwa na fedha.

Tapeli naye ana redio. Ndani ya wiki hiyo akimpigia mzee na kusema "tunahakiki akaunti za malipo ya ufuta, tusipokamilisha leo fedha zinarudi," mzee ataona mambo yanaoana. Alikuwa anasubiri fedha, na huyu anazungumzia fedha. Jasho la mwaka mzima, kulima, kupalilia, kukata na kukung'uta, linaondoka kwa simu ya dakika sita.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito, ndugu zangu. Hapo hatuzungumzii vocha. Ni ada ya shule, ni mabati, ni nauli ya hospitali, ni mbegu za mwakani. Mkulima aliyeporwa mwezi Julai hana Julai nyingine mpaka mwaka upinduke.

KIJANA ANAYEKODISHA KIDOLE

Sasa tuseme na sisi wenyewe. Kwenye vijiwe vyetu, kuanzia Lindi mjini mpaka Mbagala, tapeli anaitwa mjanja. Anaitwa mtoto wa mjini. Akipita na viatu vipya tunampisha benchi. Tunasahau kwamba hakumwibia kigogo. Vigogo hawaweki mali zao nyuma ya tarakimu nne. Wana majumba, wana mashamba, wana wanasheria. Aliyeibiwa ni mlalahoi mwenzako. Viatu vile ni mabati ya mama wa mtu.

Wapo pia wanaomsaidia bila kumwita jina. Kijana anapewa hela ya soda na nauli, anaweka kidole, laini inasajiliwa kwa jina lake, anaondoka. Mwingine hakujua kabisa: alikwenda kwa msajili wa mtaani chini ya mwavuli, akaambiwa "mtandao umegoma, weka tena kidole," akaweka mara tatu, akaondoka na laini moja. Zile nyingine zimekwenda wapi? Zikifanya uhalifu, jina litakalosomwa polisi ni la nani?

Bonyeza *106# leo hii. Utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika ikafutwe. Usingoje kesho. Kidole chako ni saini yako, na anayekodisha saini anakodisha shingo.

VIDOLE TULITOA, TUMEPATA NINI?

Nimemaliza na vijana. Sasa niwageukie wenye nchi.

Tarehe 1 Mei 2019 tuliambiwa tusajili laini upya kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku 20 mpaka 20 Januari 2020, kisha laini zikaanza kuzimwa. Mnakumbuka foleni za NIDA? Watu walitoka vijijini usiku, wakalala barazani, wakarudi bila namba. Tulivumilia, kwa sababu tulielezwa kwamba ni kwa usalama wetu, kwamba kila laini itakuwa na mwenyewe na wahalifu watakosa pa kujificha.

Je, wamekosa? Wewe mwenye simu, hebu tazama ujumbe wa mwezi huu.

Ajabu ni kwamba Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, haikukaa gizani. Katika taarifa zake za miaka ya karibuni imekuwa ikitaja mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli, na Rukwa na Morogoro zimekuwa zikitajwa juu kabisa. Sawa. Lakini anayejua mkoa, na laini ina kidole cha mtu, anashindwa nini kuijua nyumba? Wachache wanakamatwa na tunaonyeshwa kwenye picha. Wengi wanaendelea na kazi, tena kwa laini mpya kila wiki.

Linganisheni na bidii wanayoionyesha kwingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Inakataza utapeli wa kompyuta na kujifanya mtu mwingine, na hilo tunaliunga mkono. Lakini ilivyokuwa nyepesi kumfikia mkosoaji! Mwaka 2016 kijana mmoja wa Arusha alihukumiwa kifungo cha miaka 3 au faini ya shilingi milioni 7 kwa maneno aliyoandika Facebook dhidi ya Rais. Alipatikana upesi, simu yake ilijulikana, jina lake lilijulikana. Kumbe mitambo inaweza! Inaweza kumpata aliyemtukana mkubwa, lakini inapata kwikwi ikiambiwa imtafute aliyemwibia mdogo.

Na lilipokuja suala la tozo? Kuanzia tarehe 15 Julai 2021 kila muamala wa simu ulikatwa, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kulingana na kiasi. Makato hayo yalipunguzwa baada ya kelele za wananchi. Lakini tulijifunza jambo moja: dola ikitaka, inaiona kila shilingi inayopita kwenye simu ya kila Mtanzania, usiku na mchana. Haijakosa hata moja. Sasa shilingi hiyohiyo ikipita kwenda kwa mwizi, macho yanaota ukungu?

NANI ANAFAIDIKA?

Kampuni za simu zina jibu lao, nalo ni refu kama masharti yao: "Mteja alitoa namba ya siri, jukumu ni lake." Tunakubali nusu. Ndiyo, alitoa. Ndiyo maana nusu ya makala haya nimewasema vijana.

Lakini tufuate fedha. Mama anapotuma shilingi 185,000 kwa kudanganywa, anakatwa ada ya kutuma. Tapeli anapokwenda kwa wakala kuitoa, anakatwa ada ya kutolea. Mama amepoteza, tapeli amepata, na mwenye mtambo amechukua ada mara mbili. Katika wizi huu mtu mmoja tu hana hasara hata ya senti, naye ndiye mwenye uwezo wa kuuzuia. Mnategemea aharakishe kwa lipi?

Wenzetu Uingereza waliliona hilo. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 mteja wa benki akidanganywa akatuma fedha kwa tapeli, benki zinawajibika kumrudishia, mpaka pauni 85,000, na gharama hiyo inagawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Kuna masharti, na mteja aliyefanya uzembe uliopindukia anaweza kunyimwa. Lakini angalieni akili yake: benki inayofuga akaunti za matapeli sasa inalipa. Ukimfanya mwenye mtambo alipe, utaona jinsi mtambo unavyopata akili ghafla.

Hapa kwetu kampeni ya Sitapeliki ilizinduliwa mwaka 2024, na elimu si mbaya. Lakini elimu hiyo yote anabebeshwa anayeibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ipo, na Tume yake ipo. Swali letu ni dogo: daftari lile la wakala lililo wazi mezani, sheria hiyo imelifikia?

Kwa hiyo tunadai mambo manne, tena bila kupiga magoti. Moja: mtu akitoa taarifa ya kutapeliwa, fedha zilizotumwa zishikwe papo hapo kabla hazijatolewa, maneno ya baadaye. Mbili: hasara igawanywe, kampuni zibebe sehemu yake pale laini ya tapeli iliposajiliwa kwa hila. Tatu: aliyeibiwa Njinjo au Songosongo ahudumiwe alipo, asiongezewe hasara ya nauli juu ya hasara ya wizi. Nne: TCRA na Polisi watangaze kila robo mwaka, sio idadi ya majaribio tu, bali waliofikishwa mahakamani, waliofungwa, na kiasi cha fedha kilichorudi kwa wenyewe. Tuhesabiwe kilichorudi!

WAKATI TUNADAI, TUJILINDE

Mwenye kudai haki halali mlango wazi. Shika haya.

Hakuna ofisa wa kampuni, wa benki, wa polisi wala wa serikali mwenye haja ya namba yako ya siri. Anayeitaka ni mwizi, hata akiwa na sauti ya sheikh au padri. Ukiambiwa umepokea fedha, usiamini ujumbe, angalia salio lako mwenyewe. Ukipigiwa na "makao makuu", kata, kisha piga 100 wewe. Tapeli hawezi kupokea simu hiyo. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, haigharimu kitu kuliko kunyamaza. Kwenye barua pepe na WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, ili neno la siri peke yake lisitoshe kumwingiza mtu.

Na kama umeshatoa? Usione aibu ukajifungia ndani, kwa maana aibu yako ndiyo muda wake wa kukimbia. Badilisha namba ya siri dakika hiyohiyo. Piga 100, eleza. Ingia kwenye barua pepe, badilisha neno la siri, toa vifaa vyote usivyovijua. Waambie ndugu na jamaa wasitume hela kwa jina lako. Kisha nenda polisi uandikishe, upewe na namba ya jalada. Bila jalada, kesho watasema hakuna aliyelalamika.

Halafu lipo moja ambalo halihitaji serikali. Wewe uliyepo Mbagala au Temeke, mpigie mama yako Kivinje leo jioni, kabla ufuta haujauzwa. Kubalianeni: mtu yeyote akizungumzia fedha kwenye simu, mama akate kwanza, akupigie wewe. Hata mtu huyo akijiita wewe! Chagueni na neno moja la nyumbani ambalo halijulikani nje. Tapeli anashinda kwa sababu anamkuta mzee peke yake. Asimkute peke yake.

Wapo watakaosema wazee hawawezi kuelewa mambo haya. Ni matusi. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, wazee haohao wa Kilwa na Lindi waliambiwa: shahada yako ya kupigia kura usimpe mtu, kura yako ni siri yako, hata akija na kanga na kilo ya sukari. Walielewa vizuri sana. Walipokea kanga, wakala sukari, na siri yao wakabaki nayo. Watu waliolinda siri mbele ya mabwana wakubwa watashindwa kuilinda mbele ya mtoto mdogo mwenye laini ya kuazima?

Watafundishika, na sisi ndio walimu wao. Na siku walalahoi watakapofunga midomo yao kwa tapeli, watapata nafasi ya kuifungua kwa wakubwa na kuuliza vizuri: vidole vyetu mlivichukulia nini? Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.